Kioo cha Upande wa Abiria

Ngumi ya pili ilimwangusha fundi juu ya rundo la matairi.

"Juzi ulisema umekikaza!" Mwenye gari alimpiga teke la mbavu. "Mwendo ukizidi kidogo tu, kioo hiki cha kutazamia nyuma kinatetemeka kama mgonjwa wa homa. Gari hili babu yangu alilinunua jipya, wewe unaligeuza kayamba!"

Fundi alitema damu, akainuka taratibu. "Samahani, bosi. Leo kitatulia."

Kwenye kiti cha abiria alikaa mke wa mwenye gari, mdomo umevimba. Kila kioo kilipotetemeka, mumewe alidai ni yeye aliyebamiza mlango, na makofi yakafuata.

"Na mama, ameumia wapi?" fundi aliuliza.

"Yanakuhusu nini? Huyu hana wa kumlilia. Wazazi wake walishakufa wote, aliniambia mwenyewe kabla sijamwoa. Mimi ndiye baba, mimi ndiye mama."

Mwanamke aliinamisha uso.

Fundi alifumba macho, midomo ikachezacheza kwa sala. Kisha akatoa nati, si kwenye kopo la nati bali mfukoni mwake. Akaifunga kwenye shina la kioo, akaikaza kwa spana mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Halafu akajiingiza chini ya gari.

"We mzee, kioo kiko juu! Huko chini umezika nini?"

"Mtetemo huanzia chini, bosi."

Alitoka mikono imelowa mafuta hadi viwikoni. Sasa kijaribiwe, alisema. Bosi ateremke ule mlima kwa kasi, tena peke yake, maana uzito wa abiria huuficha mtetemo.

Mwenye gari alimvuta mkewe nje kwa nywele, akamsukuma ukutani. "Kikitetemeka tena, nikirudi nawazika wote wawili."

Gari likateremka, likashika kasi. Alikitazama kioo, akacheka. Kilikuwa kimetulia kama picha ukutani. Ndani yake alimwona mkewe akimkimbilia fundi na kumwangukia kifuani. Sauti yake ikaingia dirishani.

"Baba! Baba yangu!"

Akakanyaga breki ili arudi. Pedali ikazama hadi sakafuni.