Sentensi ya Kasuku

"Kalamu yangu iko distraught," alisema Kasuku. Darasa likaangua kicheko.

"Kalamu ina moyo?" Mwalimu aliuliza, akisugua kipara chake na kujikunyata ndani ya shati lake jepesi. Akakohoa. "Hili neno la Kiingereza ni la kumweleza mtu. Na si mtu aliyenuna, wala mwenye huzuni ya kawaida tu. Ni yule aliyevurugwa na uchungu mpaka hajui ashike lipi aache lipi."

Waliompa jina la Kasuku hawakukosea, maana huyo binti alianza kusema kabla hajafumbua macho. Lakini leo alipima kila neno kwanza. Mkaguzi alikaa nyuma na daftari lake. Isipopatikana sentensi moja sahihi yenye neno hilo kabla ya kengele, darasa zima lingebaki ndani wenzao wakicheza mechi. Zamu ilikuwa yake, na nafasi ilibaki moja. Golikipa wa darasa alimtazama kama anayetaka kummeza.

"Mjomba wangu..." alianza.

Mlango ukabamizwa. Akaingia bibi kizee, kilemba kimeangukia shingoni, mguu mmoja una kandambili na mwingine mtupu, kikapu begani, mwiko mkononi.

"Mwanangu! Mmeniona mwanangu?"

Chaki ikamponyoka mwalimu. Akainama kuiokota.

"Yukoje, Bibi?" Kasuku aliuliza.

"Kitindamimba wangu! Vifungo nimemfunga mwenyewe, nageuza uji hivi, hayupo! Hajatia kitu tumboni! Na kile kifua chake, na baridi hii, jamani!"

"Usilie, Bibi, tutampata!"

Weee! Madawati yakasukumwa, kabati likafunguliwa, mmoja akachungulia mpaka ndani ya pipa la taka. Mkaguzi mwenyewe alitambaa kwa magoti, tai yake ikifagia sakafu. Bibi alikuwa akizunguka palepale, mwiko juu, anaita, analia, anajigonga ukutani.

Kasuku akaruka juu ya dawati.

"Nimeipata! Bibi huyu yuko distraught!"

"Sahihi," ilijibu sauti nyembamba kutoka chini. "Kaa." Kisha kikohozi.

Bibi alitulia ghafla, akatega sikio. Akainama chini ya meza ya mwalimu, akashika sikio, akavuta.

"Haya, inua mikono," alisema, akitoa sweta kikapuni na kulipitisha juu ya kile kipara.