Sabini Kamili

Longinus alivuta kiti hadi mlangoni mwa pikapu, akakaa na daftari mapajani kama msimamizi wa mtihani. Ndani ya gari, fundi Gharibu alikuwa amelala chali chini ya usukani, miguu nje, akiunganisha nyaya za mita mpya ya kidijitali. Immakulata, mke wa Longinus, alisimama pembeni akimmulikia tochi. Alitamani betri ziishe.

Pikapu hiyo ya mwaka themanini na nne ilikuwa na mita ya zamani, ya mshale na tarakimu za kuzunguka. Immakulata ndiye aliyeiendesha kutoka nyumbani kwa mumewe, upande wa Munanila, hadi soko la Kasulu, akipeleka maharage na ndizi. Mumewe hakujua kuendesha hata baiskeli. Alichojua ni kusoma mita. Kilomita thelathini na tano kwenda, thelathini na tano kurudi. Kila jioni lazima iwe sabini, na bwana mkubwa aliiandika sabini yake kabla hata hajampa mkewe pole ya safari.

Chanzo cha upimaji huo kilikuwa mama mkwe wa Longinus. Bibi Ininahazwe aliishi mbele ya Kasulu, barabara ya Kibondo, na siku moja alimwambia binti yake, mkwewe akisikia, “Mwananje, mwanangu, ukichoka, rudi nyumbani.” Basi. Njia ya kwa mama ikafungwa siku ile, na huu ulikuwa mwaka wa tatu. Immakulata aliwahi kuzidisha kilomita, akanyang'anywa ufunguo mwezi mzima. Mara nyingine aliacha gari njiani akapanda bodaboda kwenda kwa mama. Jioni mita ikasoma hamsini, akakamatwa kirahisi zaidi. Kuzidi kosa, kupungua kosa. Alikuwa mfungwa mwenye gari.

Mita ya zamani ilipokufa, Longinus aliizuia pikapu isitoke uani wiki mbili, hadi ipatikane nyingine. Katikati ya wiki hizo mbili ikaja habari kwamba miguu ya bibi imevimba, hainuki tena kitandani, na kila kukicha anamuulizia binti yake. Longinus alisema pole, akaendelea kupiga simu kutafuta mita.

Sasa ilikuwa imepatikana. Mumewe alipoingia ndani kutafuta miwani, Immakulata aliinama haraka, akamuuliza fundi kama kuna namna ya kuifanya ihesabu pungufu, hata kwa siku moja tu. Alimwambia mama yake anakufa.

Gharibu hakuacha kukaza skrubu. “Shemeji, mimi sichezei mita za watu,” alisema. “Itakachohesabu hii kitakuwa kweli tupu.”

Immakulata aliirudisha tochi juu ya nyaya. Alimchukia mtu yule kuliko alivyowahi kumchukia mtu yeyote asiyemfahamu.

Longinus alirudi, na bila haya akamweleza fundi mambo yote ya nyumba yake: ujanja wa mkewe, ulimi wa mkwewe, hata kwamba kutoka sokoni Kasulu hadi kwa bibi huyo ni kilomita ishirini na moja, alikwisha kupima. Alitaka mita ianze sifuri kila asubuhi, na ifungwe kwa namba ya siri asiyoijua mtu mwingine. Gharibu alisikiliza hadi mwisho. Akabonyeza vitufe kwa muda mrefu, akaifunga, kisha akabandika kipande cha utepe mweusi pembeni mwa kioo, akisema kinazuia vumbi. Sifuri kubwa ya buluu ikawaka. Longinus aliipenda hata akaagiza fundi aletewe chai na mayai.

Kesho yake asubuhi Immakulata alipakia magunia, akaondoka. Hakuitazama mita njia nzima, kwa hasira. Aliitazama alipozima gari sokoni Kasulu, ikawa inasoma ishirini na mbili.

Akaitazama tena. Barabara ni ile ile, soko ni lile lile, na kilomita kumi na tatu hazipo. Jioni ingesoma arobaini na nne. Angesema nini? Kwamba mita mpya, iliyofungwa mbele ya macho ya mumewe, imekosea? Longinus angeuza gari. Alikwisha kuapa hivyo, na yeye si mtu wa kuapa bure. Machozi yakamtoka Immakulata pale pale mbele za watu.

Hakushusha hata gunia moja. Aliliwasha gari, akaenda moja kwa moja hadi karakana ya Gharibu, nyuma ya stendi, akamwambia kwamba mita yake ni mbovu na sasa amemuua kabisa.

Gharibu alichungulia dirishani, akasoma ile ishirini na mbili, akatikisa kichwa.

“Siyo mbovu, shemeji. Inahesabu maili,” alisema, akiinua ncha ya ule utepe mweusi kumwonyesha neno lililofichwa. “Na nimeifunga hivyo hivyo.”

Immakulata hakuelewa. Alisema arobaini na nne haimsaidii kitu, mumewe atataka sabini kamili.

“Ndiyo maana usirudi nyumbani sasa hivi, itapungua ishirini na sita,” Gharibu alisema, akanyoosha bisibisi kuelekea barabara ya Kibondo. “Pita kwanza kwa mama.”