Kopo Lililosuuzwa

Sista Apolinaria alikwisha kumfunika mgonjwa shuka mpaka kichwani. Miguu ilimuuma, na wodi nzima bado ilikuwa inakohoa.

Siwema, mke wa marehemu, alikuwa anakusanya vitu: chupa ya chai, bakuli, na dawa za UKIMWI ambazo mumewe hakuwahi kuziacha. Mwisho akachukua kopo la plastiki lenye kifuniko, akalifuta kwa pindo la kanga, akamkabidhi sista kwa mikono miwili.

"Hili ni la kwenu, Sista. Nimelisuuza."

"Umelisuuza leo?"

"Kila alfajiri, kabla hamjapita. Alikuwa anatema mno, maskini. Ningempaje daktari chombo kichafu?"

Sista akajikuta amekaa ukingoni mwa kitanda. Kila asubuhi alilikuta kopo linang'aa, na kila asubuhi daktari alisema, "Hana makohozi ya kupima kifua kikuu, tusubiri." Ni yeye sista aliyemwambia mama huyu kwamba mgonjwa atemee humo. Hakumwambia makohozi yaachwe humo yapimwe.

"Sasa ni nini kilichomuua?" Siwema aliuliza. "Ndugu zake wako nje, wataniuliza mimi."

Sista alikaza kifuniko cha kopo.

"Kifua kikuu, mama. Waambie kilituwahi."

"Haya. Mungu awalipe, mmehangaika naye."

Nje ya dirisha maji yalikuwa yanamwagika. Mke wa mgonjwa wa kitanda cha pili alikuwa ameinama bombani, anasugua kopo kama lile kwa bidii.