Godoro la Matanga

Kosa ni langu: ni mimi niliyewatangazia majirani kwamba Shekue amerukwa na akili, anapiga mieleka na matanga hayajaanuliwa.

Kumbe bintiye Hidaya, wa miaka mitatu, hakuwa amecheka wala kulia tangu mama yake azikwe. Asubuhi hiyo Shekue alijibwaga kwenye godoro la waombolezaji.

"Njoo basi, bondia! Au unaniogopa?"

Mtoto akamtazama weee, kisha akamrukia tumboni. Wakagaragazana, mito ikaruka. Hidaya akacheka mpaka pumzi zikamkatika, na Shekue akahisi zake zinarudi.

Akalala chali, kashindwa. Hidaya akamkalia kifuani, akageukia mlango wa jikoni, alipokuwa akisimama refa wao siku zote.

"Mama," akaita, "hesabu!"