Barabara Iupishe Mti

Mama Sindano alikuwa akiusugua mti. Brashi ya kufulia mkononi, ndoo ya maji ya sabuni miguuni, amejifunga kibwebwe, na mdomo unakwenda kasi kuliko mkono. Alama ya X nyekundu, iliyopakwa kwenye shina asubuhi ile na kibarua mwenye kopo la rangi, haikutaka kutoka. Akaipaka mafuta ya taa, akasugua tena mpaka gome likaanza kubanduka. Hapo akauomba mti radhi, kisha akaendelea kuwatukana waliompeleka kwenye kazi hiyo.

Jina la Sindano alipewa kwa sababu mbili: alikuwa fundi cherehani, na ulimi wake ulichoma. Cherehani ilikaa chini ya mti ule tangu alipofiwa na mume. Ndani ya nyumba, chini ya bati, mchana ulikuwa tanuri tupu, na hakuna mteja aliyekubali kupimwa nguo mle. Chini ya mti kulikuwa na upepo. Akiketi pale, mgongo kwenye tangi kubwa la maji la mji, uso kwenye mlango wa nyumba yake, alishona huku akichungulia sufuria jikoni. Mti ukikatwa, kazi ndiyo imekwisha, na yeye hakujua kazi nyingine.

Injinia wa barabara alikuja na kofia ngumu na sauti laini. Alieleza kwamba barabara ni ya watu wote, kwamba itapita mbele ya baraza yake tu, nyumba haitaguswa hata tofali moja. Mama Sindano hakumwacha amalize.

"Mti huu ulikuwa hapa wewe hujaota meno," alimwambia. "Hauna miguu. Wenye miguu ni nyinyi. Upisheni."

Shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, alikuwa akishona viatu kando. Alimsihi apunguze moto. Nyumba wameiacha, ashukuru Mungu. Tena barabara si nyoka, haijipindi ovyo ovyo.

"Ijifunze," alijibu.

Shemeji akaguna, akatia uzi kwenye sindano yake. "Haya. Mwana akililia wembe, mpe."

Mama Sindano alimrushia kibiringo cha uzi, kikampata sikioni. Wanaume wa ukoo ule, alisema, walizaliwa wakiwa wameshakubali kila kitu.

Alikwenda ofisi ya mazingira na hasira zake zote, hakubakiza hata moja nyumbani. Mapokezini walimwambia asubiri, akasubiri kwa sauti ya juu, mpaka mlango wa ndani ukafunguka wenyewe. Afisa mazingira alikuwa mwanamke mtulivu mwenye miwani. Alimweleza kwamba miti mikubwa ya mji inalindwa. Mjenzi akiwa na njia nyingine, haruhusiwi kuukata mti, na hachimbi popote kivuli chake kinapofika, maana huko ndiko mizizi inakofika.

"Je, hawa wana njia nyingine?" aliuliza afisa.

"Wanayo."

"Ipi?"

"Hiyo watafute wenyewe. Wao si ndio wasomi?"

Afisa alimtazama kidogo juu ya miwani. Akauliza kama ana hakika anataka jambo hili lifike mbele. Mama Sindano alikaribia kuipindua meza. Hakika? Angekuwa hana hakika angekuja kwa miguu na jua lote lile?

Basi likafika mbele. Mti ukazungushiwa wavu wa rangi ya chungwa, ukatundikwa kibao: USIGUSWE. Injinia mwenyewe alikuja kusimamia, uso umemshuka. Mama Sindano alipiga vigelegele hadi watu wakatoka majumbani. Alimwita shemeji aje amwone nyoka anavyojipinda. Shemeji akaja, akautazama mti, akalitazama tangi la maji, akageuka akaitazama nyumba, akarudi kwenye viatu vyake. Roho mbaya tu, alisema Mama Sindano. Watu wengine furaha ya mwenzao huwakaa kooni kama mwiba.

Siku hiyohiyo injinia alianza kupima upya, kuanzia kivuli kilipoishia. Upepo ukawa unaichezea futi yake ya kupimia, anavuta huku, inaruka kule. Mama Sindano, ambaye sasa alikuwa mshindi na mshindi huwa mkarimu, alimwonea huruma. Futi ni kazi yake, alisema, hakuna mtu mjini pale anayeijua kumshinda. Akaichukua ncha, akakatiza nayo uwanja wake, akaibana barabara kwa kidole gumba kwenye ukuta wa nyumba, chini ya dirisha. Akamtania injinia kwamba akimaliza barabara atamshonea suruali isiyombana. Vibarua wakacheka. Injinia hakucheka, alishukuru tu, akakunja futi yake.

Asubuhi iliyofuata alikuwa ameketi kwenye cherehani, pembeni ya wavu, ameinama akitunga uzi kwenye tundu la sindano, na uzi unakataa. Alipoinua kichwa alimwona yule mpaka rangi, kopo lilelile mkononi, amesimama chini ya dirisha lake. Kwenye ukuta, X nyekundu ilikuwa bado inachuruzika.

Mama Sindano aliruka. Aliikamata brashi ya kufulia, akaukata uwanja mbio, matusi yakimtangulia. Injinia akasimama katikati, mikono nyuma, sauti ileile laini.

"Mti tumeupisha, mama, kama ulivyotaka," alisema. "Sasa na wewe utupishe."