Mume wa Mwalimu Nakijwa Aacha Ubishi

Elinami alikuwa amekwisha kuvuka kizingiti, begi begani, mkewe alipomshika mkono.

Siku hizo hakuna mwalimu aliyepewa shule kuiongoza kabla hajafanya utafiti tendaji nyumbani kwake. Achague kasoro moja, ajaribu dawa, aangalie, atafakari, arudie, mpaka mashine ya ukutani, iliyosikiliza na kuhesabu kila neno la nyumbani, iridhike. Mwalimu Nakijwa alichagua ubishi wa mumewe mezani. Mzunguko wa kwanza, mumewe akibisha, yeye hakumjibu. Wa pili alimsifu kila aliponyamaza. Kufika wa tatu, mtu akawa anakula kama mgeni msibani.

"Baba Navoneiwa, rudi basi. Zimebaki siku mbili tu nifaulu!"

"Mimi nilikuoa, Mwalimu, sikujiandikisha darasa la kwanza. Ungeniuliza hata mara moja, tubishane vipi? Ningekusaidia."

Akaenda zake. Adhuhuri mashine ikasema: ubishi sifuri, kasoro imekwisha, hongera.

Nakijwa akaandika tafakuri ya kweli, ndivyo alivyofundishwa: "Nilimtafiti mtu badala ya kutafiti naye. Huku si kufaulu." Mashine ikaipokea, ikamwongezea alama kwa unyoofu.

Nakijwa aliongoza shule miaka kumi na mmoja, na walimu walimpenda kwa kuwa hakuamua neno bila kuwauliza. Elinami alihamia kwa dada yake, akafuga nyuki, hakurudi. Binti yao Navoneiwa alikua mtoto mtulivu kabisa, asiyebishana na mtu.