Dakika Kumi na Moja

Siku hizi ukitimiza miaka hamsini unachagua sindano: mwili wa joto au mwili wa baridi. Ukishachomwa, ndiyo basi. Mimi nilichukua joto nikabaki Tanga. Mume wangu akachukua baridi, akapanda kwao Lushoto. Tuliagana tukicheka, maana miaka ishirini na sita tuligombania shuka, yeye akilitupa, mimi nikilivuta.

Kila mchana hunipigia simu.

"Mama Saumu, baridi ndiyo maisha bwana! Nalala fofofo."

"Na mimi sina tena wa kunifungulia madirisha, Baba Saumu. Joto ndiyo raha."

"Mbona meno yako yanagongana?"

"Simu yako hiyo, mbovu."

Simwambii kwamba nimekaa kwenye beseni la maji ya barafu. Daktari alinionya kwamba mwili wa joto hauvumilii baridi zaidi ya dakika nne, moyo unaweza kusimama. Leo nimefika sita.

Kutoka stendi ya Lushoto hadi mlangoni kwake, kwa miguu, ni dakika kumi na moja.